Morel, karani aliyesoma mateso ya Kongo katika vitabu vya meli

Mnajua namna asubuhi ya redio inavyoanza hapa kwetu, Butembo na Beni. Kabla ya habari, simu zinalia. Kumetokea shambulio usiku. Mmoja atasema wamekufa saba, mwingine atasema kumi na wawili. Shirika la raia litatoa hesabu yake, jeshi nalo litatoa yake. Mtangazaji kijana, pengine angali anasomea mawasiliano chuoni, ana dakika chache za kuamua atasoma nambari gani. Akiongeza, watu wanabeba magodoro na kukimbia kijiji ambacho pengine kingebaki salama. Akipunguza, kuna familia itasikia hewani kwamba marehemu wao hakuhesabiwa.

Wadogo zetu wengi waliingia katika kazi hii juu wanapenda kusema na kuandika. Hesabu waliikimbia tangu sekondari. Ndiyo maana leo tunawasimulia maisha ya mwandishi wa habari mmoja aliyekufa mwaka 1924. Mtu huyu hakukanyaga Kongo hata siku moja. Lakini aligundua jambo kubwa juu ya nchi yetu akiwa amekaa ofisini Ulaya, kwa kufungua vitabu viwili vya hesabu na kuviweka kimoja kando ya kingine. Jina lake ni Edmund Dene Morel.

Mtoto wa mjane

Alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873. Baba yake alikuwa Mfaransa, mtumishi wa serikali, naye mama yake alikuwa Mwingereza. Baba alifariki mtoto angali na miaka minne tu. Mama akamchukua kwenda kusoma Uingereza. Masomo yenyewe hayakufika mbali: akiwa na miaka kumi na mitano mama aliugua, feza zikakosekana, kijana akaacha shule na kuanza kutumika benki kule Paris.

Mwaka 1891 alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, mjini Liverpool. Hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Hakuna aliyemfundisha somo la takwimu. Alichokuwa nacho ni Kifaransa na Kiingereza, mwandiko mzuri, na mazoea ya karani wa meli: kila kifurushi kinachoingia kiandikwe, na kila kinachotoka kiandikwe. Mshahara ulikuwa mdogo, naye mwaka 1896 alioa na watoto wakafuata. Basi usiku aliandika makala juu ya biashara ya Afrika ya Magharibi na kuyauza kwenye magazeti. Hivyo ndivyo karani alivyogeuka mwandishi wa habari, polepole, kwa kutafuta chakula cha nyumba.

Wakati ule Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Tangu 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa pili, na iliitwa Dola Huru la Kongo. Beni na Lubero nazo zilikuwa ndani ya mipaka hiyo, hata kama mpira mwingi ulitoka mbali na milima yetu, upande wa Équateur na Kasai. Mpira tunaosema hapa ni ule utomvu wa mitambaa ya porini. Baada ya Dunlop kuleta tairi la hewa mwaka 1888, ulimwengu mzima uliutafuta. Kongo ilitoa tani mia moja na kitu mwaka 1890. Kufika 1901 ilikuwa inatoa karibu tani 6,000.

Meli za Elder Dempster ndizo zilizobeba mzigo kati ya Antwerp na Boma. Na kwa sababu Morel alisema Kifaransa, kampuni ilimpa kazi ya kwenda Antwerp na Brussels mara kwa mara kuangalia mambo ya Kongo.

Hesabu ya kutoa

Hapa tuende taratibu, juu somo lote liko hapa.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeuza maharagi katika soko la Butembo. Kila juma analeta magunia kumi, na kila juma anarudi kijijini na pakiti mbili za chumvi. Hana deni kwa mtu, na feza haonekani nazo. Hata mtoto atauliza: malipo ya magunia yale yanaenda wapi? Hujaona mtu akimwibia. Umeona tu kwamba kilichotoka na kilichoingia havilingani.

Morel aliona hivyo hivyo, lakini kwa nchi nzima. Aliona mambo matatu katika makaratasi.

La kwanza: mpira na pembe za ndovu zilizoshuka bandarini Antwerp zilikuwa nyingi kupita zile ambazo serikali ya Leopold ilitangaza katika hesabu zake. Maana yake, kuna faida ilikuwa inaingia mfukoni mwa mtu bila kuandikwa.

La pili: meli zilizorudi Kongo zilibeba shehena za bunduki na risasi, mwezi baada ya mwezi, na nyingi zilikuwa za serikali yenyewe na za makampuni yake.

La tatu, na ndilo zito zaidi: kati ya vitu vyote vilivyoingia Kongo, alikadiria karibu asilimia 80 havikuwa vya biashara hata kidogo. Hazikuwa nguo, wala chumvi, wala majembe ya kumlipa mtu aliyekata mpira porini. Na katika zile sehemu za mpira, wenyeji hawakulipwa feza.

Basi akafanya kutoa. Mali nyingi inatoka. Malipo hayaingii. Feza hazitolewi. Bunduki zinaingia. Ukiondoa biashara, ukiondoa mshahara, kinabaki nini cha kumfanya mtu aache shamba lake na kukaa porini wiki nzima akitafuta mpira? Kinabaki nguvu. Morel alielewa kwamba watu wa Kongo walikuwa wanatumikishwa kama watumwa, na hakuwa amezungumza na hata mmoja wao.

Wadogo zetu, angalieni namna alivyofanya. Nambari zenyewe hazikuwa siri: makarani wengi walizipitisha mikononi mwao, nayo serikali ya Leopold ilitoa takwimu zake hadharani na kujivuna nazo. Wote walizisoma moja moja. Yeye aliweka kitabu cha bandari kando ya kitabu cha serikali, akauliza kwa nini havilingani.

Kazi hiyo ingali inafanyika leo, na inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2014 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba asilimia 98 ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo inatoka kwa magendo. Njia moja ya kuona magendo ya namna hiyo ni kulinganisha: nchi jirani inauza dhahabu nyingi kuliko inayochimba kwake. Kakao ya Beni na kahawa ya Lubero zinazovuka Kasindi zinaweza kuulizwa swali hilo hilo. Kinachotakiwa ni mwandishi mwenye uvumilivu wa kuomba karatasi mbili, ya huku na ya ng'ambo.

Kuacha mshahara

Morel alimwendea mkubwa wake, Alfred Jones. Sasa Jones huyu, zaidi ya kuwa bosi wa kampuni, alikuwa pia konsuli wa heshima wa Dola la Kongo kule Liverpool. Hakufurahi. Morel aliwekewa mbele nafasi za kazi zenye mshahara mzuri zaidi, ili anyamaze. Mwaka 1900 alitoa makala ya kwanza juu ya kashfa ya Kongo katika gazeti moja la Uingereza, bila kuweka jina lake. Mwaka 1901 akaacha kazi kabisa. Alikuwa na miaka 28, mke, watoto, na hana akiba.

Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake la kila juma, West African Mail. Mwezi wa tano mwaka ule bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo, na konsuli Roger Casement akatumwa kupanda mto kwenda kuona kwa macho. Ripoti ya Casement ilitoka mwanzo wa 1904. Mwezi wa tatu mwaka ule ule, mjini Liverpool, wakaanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo, Congo Reform Association. Morel alikuwa katibu, na ndiye aliyebeba kazi kubwa.

Tusimpambe kupita kiasi. Wafanyabiashara wa Liverpool waliomsaidia walikuwa na sababu yao: Leopold alikuwa amewafungia soko la Kongo. Na Morel mwenyewe hakupinga ukoloni. Aliona utawala wa Waingereza kule Nigeria kuwa mzuri. Hili nalo ni somo la takwimu. Kila nambari ina mwenyewe, na mwenyewe ana faida yake. Hiyo haifanyi nambari kuwa ya uongo. Inakuambia tu upande gani wa kuchunguza mara mbili.

Mikono kama hesabu

Vitabu vya meli vilisema kuna nguvu. Havikusema nani anapigwa, kijiji gani, siku gani. Kwa hayo ilihitajika watu waliokuwa pale pale.

Mwaka 1899 mmisionari mweusi wa Marekani, William Sheppard, alifika katika kambi moja upande wa Kasai akakuta mikono ya kuume iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Hakuandika kwamba ilikuwa mingi. Aliihesabu: 81. Nambari hiyo ilizunguka ulimwengu juu mtu alisimama pale, akavumilia harufu, akahesabu.

Na mikono yenyewe ilikatwa kwa sababu gani? Kwa sababu ya hesabu. Askari alipewa risasi, na kwa kila risasi iliyotumika alitakiwa kuleta ushahidi kwamba imeua mtu. Ushahidi ulikuwa mkono wa kuume. Basi askari aliyepoteza risasi kwa kuwinda nyama, au aliyekosa shabaha, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili karatasi yake ilingane. Karatasi ya mkubwa ilionekana safi. Tukumbuke jambo hilo kila tunapopewa hesabu iliyolingana vizuri mno. Mtu akijua kwamba atalipwa au ataadhibiwa kwa nambari, nambari itapatikana, kwa njia yoyote.

Vijiti vya Lontulu

Leopold alibanwa, akalazimika kutuma tume ya uchunguzi mwaka 1904. Alidhani itamsafisha. Lakini tume ilisikiliza mamia ya mashahidi, na kati yao Wakongomani wengi.

Mmoja alikuwa chifu Lontulu wa Bolima. Alikuwa amechapwa, akafungwa kama mateka, akatumikishwa kwa minyororo. Alifika mbele ya tume na vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa juu ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akavichukua kimoja kimoja, akitaja jina la kila marehemu.

Mzee huyu hakujua kusoma takwimu za Brussels. Lakini ukimpa mwalimu wa takwimu kazi ya Lontulu, hatakuwa na la kurekebisha. Alisema anahesabu nini. Alihesabu kila mmoja mara moja. Aligawa kwa mafungu ili tuone nani aliyekufa. Na kila nambari ilikuwa na jina nyuma yake, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kwenda Bolima kuhakikisha. Hapa Beni kuna watu wanaofanya hivyo hivyo leo, katika daftari za shule, wakiandika jina, umri, kijiji na tarehe. Mwandishi akipata daftari kama lile, asikimbilie jumla iliyo chini ya ukurasa. Aanze na majina.

Tume ilikubali kwamba mateso yalikuwa ya kweli. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alipoteza Kongo, na Ubelgiji ikaichukua kama koloni. Kazi ya shokoa haikuisha siku hiyo. Chama cha Morel kiliendelea kulinda mambo hadi 1913.

Mtu wa Boma

Kuna jina moja ambalo wanafunzi wa mawasiliano hawapaswi kulisahau. Hezekiah Andrew Shanu alitoka Lagos, akawa mtumishi wa Dola la Kongo, kisha mfanyabiashara mjini Boma. Kwa siri alimtumia Morel habari na makaratasi ya mahakama. Makaratasi hayo yalikuwa ushahidi kwamba wakubwa wa serikali walijua yanayotendeka.

Siri ikatoka. Watumishi wa serikali walikatazwa kununua kwake. Duka likafa, akabaki peke yake katika mji uliomjua. Mwezi wa saba 1905 alijiua.

Morel alikuwa Uingereza, salama, na gazeti lake. Shanu alikuwa Boma. Takwimu nzuri mara nyingi inatoka kwa karani mmoja, muuguzi mmoja, askari mmoja aliyechoka kuandika uongo. Ukipokea karatasi yake, angalia kwanza kama karatasi hiyo inamtaja kwa namna yoyote: ni watu wangapi wanaiona ofisini kwao? Wakiwa wawili, umeshamtaja. Afadhali habari ingoje.

Mamilioni

Swali ambalo vijana wanauliza kila mara ni hili: Leopold aliua wangapi? Wengi wanajibu bila kusita, milioni kumi.

Tuone nambari hiyo ilivyotengenezwa. Wakati Dola la Kongo lilipoanza, hakuna aliyekuwa amehesabu watu. Stanley alitazama vijiji vya kando ya mto, akazidisha kwa nchi nzima, kana kwamba kila mahali watu wamejaa kama ukingoni mwa mto. Mwaka 1919 tume moja ya Wabelgiji ilikadiria kwamba wakaaji wamepungua kwa nusu. Mwaka 1924 hesabu ya koloni ilifika karibu milioni kumi. Basi wanahistoria wengine wakasema: ikiwa milioni kumi ni nusu iliyobaki, nusu iliyokwenda nayo ni milioni kumi. Wengine wanakataa, juu ile nusu yenyewe ni makadirio, na hata hesabu ya 1924 haikumfikia kila mtu. Morel naye alitaja mamilioni, akitegemea makadirio ya aina hiyo.

Tena, kupungua kwa watu si lazima kuwe kuuawa kwa risasi. Kulikuwa na kuuawa, na njaa juu mashamba yaliachwa, na malale, na ndui, na watoto ambao hawakuzaliwa kwa sababu wanaume walikuwa porini na wanawake walikuwa mateka. Vyote hivyo ni matunda ya utawala ule. Lakini mwandishi anapaswa kusema ni nini kinachohesabiwa.

Sisi wa mashariki tuna nambari yetu ya aina hiyo. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilikadiria vifo milioni 5.4 nchini Kongo tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007, yaani vifo vilivyozidi vile ambavyo vingetokea wakati wa kawaida. Wengi wa hao walikufa kwa malaria, kuhara, magonjwa ya kifua na njaa, si kwa panga wala risasi. Watafiti wengine walibishana nayo, hasa juu ya swali la kipimo: wakati wa kawaida ulikuwa na vifo vingapi? Lakini redioni tunasikia milioni sita, milioni kumi, tena wote wakiitwa waliochinjwa. Msemaji anadhani anatetea wafu. Kumbe anampa adui nafasi ya kusema kwamba kila kitu ni uongo.

Kuna hesabu za aina tatu, basi. Ya kuhesabu kimoja kimoja, kama vijiti vya Lontulu. Ya kulinganisha, kama vitabu vya Morel. Na ya kukadiria, kama mamilioni haya. Zote zina kazi yake. Kosa ni kutangaza ya tatu kwa sauti ya ya kwanza.

Morel alipoacha kuhesabu

Sasa tufike sehemu ambayo watu wanaompenda Morel wanaipita haraka.

Vita vya 1914 vilipoanza, alivipinga, akawa katibu wa chama kilichotaka siasa ya nje isifanywe kwa siri. Mwaka 1917 alifungwa miezi sita kwa kutuma maandishi nje ya nchi kinyume cha sheria ya vita. Alitoka na afya iliyovunjika.

Vita vilipoisha, Ufaransa iliweka askari wake katika sehemu ya Ujerumani, kando ya mto Rhine, na kati yao walikuwamo askari Waafrika. Morel alitaka kuonyesha kwamba Ujerumani inaonewa. Mwezi wa nne 1920 aliandika kwamba askari weusi wanawashambulia wanawake kule, akalieleza jambo hilo kana kwamba ni tabia ya mwili wa Mwafrika. Mtu aliyekuwa ametumia miaka kumi na zaidi akitetea watu weusi wa Kongo.

Ukisoma habari hiyo kama alivyosoma yeye vitabu vya Antwerp, unaona mara moja kinachokosekana. Askari wangapi? Mashtaka mangapi, na mangapi yamehakikishwa? Askari wazungu katika sehemu ile ile, kwao ni mangapi? Hakulinganisha. Alichukua visa, akavirundika, akaongeza woga. Mshairi Claude McKay wa Jamaika, aliyekuwa London, alimjibu gazetini mwezi ule ule. Na jenerali wa Marekani aliyekuwa Rhine alichunguza, akaarifu serikali yake kwamba mashtaka mengi hayakuwa na msingi.

Lakini hadithi ilikuwa imeshaenea Ulaya na Marekani. Si Morel peke yake aliyeipanda, lakini aliimwagilia maji, na jina lake la mtetezi wa Kongo liliifanya iaminiwe. Mwaka 1937 utawala wa Hitler uliwakusanya mamia ya watoto waliozaliwa na askari wale na mama Wajerumani, ukawafanyia upasuaji kwa nguvu ili wasizae.

Morel hakuyaona hayo. Mwaka 1922 alishinda kiti cha bunge kule Dundee, akimwangusha Winston Churchill. Tarehe 12 Novemba 1924, akiwa matembezini kijijini, alifariki. Alikuwa na miaka 51.

Kati ya wangapi?

Kwa nini tunawasimulia yote mawili, zuri na baya? Kwa sababu ni mtu yule yule. Kalamu yake ilibaki kali, na moyo wake uliamini bado kwamba unatetea wanyonge. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili hakuuliza: kati ya wangapi, na ukilinganisha na nani?

Swali hilo lilitugharimu hapa kwetu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ilihesabiwa wagonjwa 3,470: waliohakikishwa na laboratwari 3,317, na 153 waliodhaniwa. Walikufa 2,287. Ni karibu wawili kati ya watatu. Wakati ule watu wengi mtaani walielewa hivi: ukiingia kituo cha matibabu, kati ya watatu watatoka maiti wawili, basi heri kubaki nyumbani. Lakini nambari ile ilichanganya wote: waliofia nyumbani, walioletwa siku ya mwisho, na waliofika mapema. Katika majaribio ya dawa yaliyofanyika hapa hapa, kati ya waliopewa dawa mbili zilizofaulu, walikufa kama mmoja kati ya watatu. Na waliofika virusi vingali vichache mwilini, walikufa kama mmoja kati ya kumi. Nambari zote hizo ni za kweli. Ile ya kwanza, ikisomwa bila maelezo, ilimfanya mgonjwa ajifiche. Ile ya mwisho ingemfanya akimbilie kituo.

Mtangazaji hakuhitaji diploma ya hesabu ili kuona tofauti hiyo. Alihitaji kuuliza kabla ya kufungua mikro: nani amehesabu, amehesabu nini, kati ya wangapi, na kuna kitabu gani kingine cha kuweka kando ya hiki?

Kwa hiyo, wadogo zetu mnaosomea mawasiliano hapa Butembo na Beni, kesho simu itakapolia na mmoja aseme saba na mwingine kumi na wawili, msichague ile inayotisha zaidi, wala ile inayopendeza wakubwa. Semeni zote mbili, semeni ni nani aliyetoa kila moja, kisha mwende kutafuta majina. Mzee Lontulu alikuwa nayo 110, na hakuacha hata moja.